Dokezo la Herufi Arobaini

Kamisawa, 12 Novemba 2018

Mwalimu Homma,

Huku majani yamekwisha kudondoka na watu wanafunga miti yao kwa kamba isije ikavunjwa na theluji. Mimi sijambo. Naomba barua hii ikukute wewe na Mama Homma mkiwa salama, na mguu wake ukiwa umeizoea baridi ya kisiwa cha Sado.

Naandika kwa sababu nimeingilia kazi yako na sitaki usikie kwa mtu mwingine. Yule mkandarasi mkubwa aliyechukua mabomba yote mjini ya kumwagia barabara maji vuguvugu ya kisima ili theluji iyeyuke amesema hapokei programu yetu mpaka msimbo wote ufuate kanuni moja ya uandishi. Hakuna mstari unaozidi nafasi themanini, mabano yanafungwa hivi, majina yanaandikwa vile. Mkurugenzi Yahagi akazungusha macho chumba kizima, yakatua kwangu. Basi nimekuwa mtunza kanuni. Wananiita Polisi wa Mistari, na Ebina amenichorea kofia ya polisi kwenye karatasi akaibandika kwenye kiti changu.

Ebina humjui. Alikuja Juni, wewe ukiwa umeshastaafu. Ana miaka thelathini na moja, zamani alikuwa anaandika programu za mashine za tiketi. Yuko kwenye muda wa majaribio mpaka mwisho wa Machi. Ana utani mwingi lakini kazi anaijua.

Sasa faili lako la pampu. Mwalimu, mistari mia mbili na kumi na minne ilizidi. Mmoja ulikuwa na nafasi mia tatu na sita, nikausogeza kwenye skrini mpaka kidole kikachoka. Nimeikunja yote, na pampu zinakwenda kama zamani. Nimejaribu mara tatu.

Taabu ilikuwa kwenye madokezo yako, yale maelezo uliyoandika kando ya msimbo. Msimbo wenyewe ni herufi za Kizungu, moja inakula nafasi moja, lakini herufi zetu kila moja inahesabiwa nafasi mbili. Kwa hiyo dokezo la Kijapani linabakiwa na herufi arobaini tu, na programu ya ukaguzi ikilikunja inalikata popote, hata katikati ya neno. Ndipo nikatunga kanuni ya nyongeza, ya kwangu mwenyewe: dokezo ni mstari mmoja, na likizidi herufi arobaini, maelezo yanahamia kwenye daftari letu la pamoja kwenye kompyuta. Yako marefu nimeyahamishia huko yote. Hakuna neno lililopotea.

Usinikasirikie sana. Ukikasirika niandikie, maana simu najua huisikii tena.

Mwanafunzi wako,
Tsukada Michiyo


Sado, 20 Novemba

Tsukada,

Nimekasirika. Hilo tumalize kwanza.

Mistari yangu ilikuwa mirefu kwa sababu nilikuwa nafikiri mpaka mwisho kabla ya kubonyeza kitufe. Sasa umeivalisha sare ya shule. Nilimsomea mke wangu barua yako, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema hata kadi za mwaka mpya huwa naziandika mpaka ukingoni watu wakashindwa kuona anwani. Kwa hiyo nyumbani kwangu sina mtetezi.

Sisemi kanuni ni mbaya. Enzi zetu kila mtu aliandika atakavyo. Marehemu Sakurai alipofariki nikarithi faili zake, wiki nzima nilikuwa naulizia kitu gani kiko wapi na wa kumuuliza hayupo. Msimbo wa watu wengi unataka mkono mmoja. Nakubali, ingawa kwa shingo upande.

Ila nakuuliza jambo moja. Pampu ya nne, ya mteremko wa Teramachi. Pale pana subira ya sekunde tisini kabla haijawaka, na kando yake niliandika sababu. Mwaka 1996 tuliiwasha pamoja na zile tatu. Maji ya kisima yakashuka ghafla, pampu ikanyonya mchanga, bomba likaziba, na mteremko mzima ukawa barafu tupu. Nilichokoa matundu ya bomba kwa waya siku mbili na nusu nikiwa nimepiga magoti, mikono ikapasuka. Ndiyo maana dokezo lile lilikuwa refu. Liko wapi sasa?

Homma Seiji


Kamisawa, 27 Novemba

Mwalimu Homma,

Theluji ya kwanza ilianguka jana, ikayeyuka kabla ya mchana.

Dokezo la pampu ya nne lipo, usiwe na wasiwasi. Kwenye mstari nimebakiza "Subiri sekunde 90", na sababu yote iko kwenye daftari, chini ya kichwa chake. Atakayeitaka ataiona.

Nakutumia kikapu cha chenza, zile za maganda membamba anazopenda Mama. Samahani kwa ufupi wa barua, mkandarasi anatukimbiza.

Tsukada Michiyo


Kamisawa, 21 Januari 2019

Mwalimu Homma,

Theluji imefika kiunoni. Nilitaka kukuandikia salamu za mwaka mpya zilizochelewa, lakini nina habari mbaya, na si haki kuzificha chini ya salamu.

Asubuhi ya tarehe 14 pampu ya nne ilinyonya mchanga. Mteremko wa Teramachi uliganda. Bi Kasuga Tomie, yule mama wa miaka sitini na saba anayesambaza magazeti, aliteleza na mzigo wake akavunjika kifundo cha mguu mahali pawili. Anaishi peke yake. Waliomkuta wanasema alikuwa bado anajaribu kuokota magazeti.

Mwezi wa Desemba mkandarasi alilalamika kwamba Teramachi inachelewa kupata maji kuliko mitaa mingine. Ebina akaigusa ile subira, akaitoa kwenye tisini akaiweka kwenye tano. Mimi ndiye niliyekagua badiliko lake nikalipitisha. Mkurugenzi anasema mimi sina la kujibu, kwa kuwa mtunza kanuni anakagua uandishi tu.

Ebina ameandika barua ya kukiri kosa, kwa mkono kama desturi ya ofisi yetu, akapiga muhuri wake chini. Amekwenda kwa Bi Kasuga kuinama na kuomba radhi. Sasa hachezi na mtu. Mwisho wa mwezi Mkurugenzi ataamua kama anabaki au anaondoka, na mkewe ana mimba ya miezi sita.

Nakuambia tu ujue.

Tsukada Michiyo


Sado, 25 Januari

Tsukada,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, viatu sijavua.

Miaka ishirini na mbili pampu ile haikumdhuru mtu. Onyo lilikuwepo. Mtu akiona namba haielewi, na sababu yake imeandikwa kwenye daftari lililo mbele ya pua yake, akaamua kutosoma, huyo si mtu wa kukabidhiwa pampu. Abaki na mashine zake za tiketi, huko akikosea mtu anachelewa treni tu.

Najua wewe una huruma na utajitwisha mzigo huu. Usijilaumu. Ulifanya kazi yako, na ulinijibu nilipokuuliza.

Leo hii nimemwandikia Yahagi. Nimemweleza habari ya mwaka 1996, na kwamba sababu ya zile sekunde tisini haijawahi kupotea. Ili asidhani ni mzee anayejitetea, nimemnakilia maneno yako ya tarehe 27 Novemba kama ulivyoyaandika: "Dokezo la pampu ya nne lipo ... sababu yote iko kwenye daftari, chini ya kichwa chake. Atakayeitaka ataiona."

Mwambie Bi Kasuga, kama unaonana naye, kwamba kuna mtu Sado anamkumbuka. Alikuwa ananiletea gazeti miaka yote ile na hakuchelewa hata siku moja.

Homma Seiji


Kamisawa, 2 Februari

Mwalimu Homma,

Upepo ulizuia meli siku tatu, kwa hiyo barua yako kwangu na ile uliyomwandikia Mkurugenzi zilifika pamoja, tarehe 29. Yangu niliisoma chooni. Nilikuwa na mchana mzima wa kwenda ofisini kwake kabla hajaifanyia kazi barua yako, na sikwenda.

Asubuhi ya tarehe 30 aliisoma kwenye kikao cha asubuhi, sote tumesimama mistari miwili kama kawaida. Alipofika kwenye maneno yangu aliyasoma polepole: dokezo lipo, sababu yote iko kwenye daftari, atakayeitaka ataiona. Ebina alinitazama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anangoja tu. Nikatazama viatu vyangu. Mkurugenzi akamalizia kwamba Ebina anaachishwa kazi, naye akainama akasema, "Samahani kwa kuwasumbua nyote." Kufika adhuhuri meza yake ilikuwa tupu, hata ile kofia ya polisi aliibandua kwenye kiti changu akaondoka nayo.

Mwalimu, daftari halina kitu. Kuna kichwa kimeandikwa "Pampu ya nne", na chini yake neno moja: "itaandikwa". Nilifuta dokezo lako nikakusudia kuliandika upya siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo nilikuwa na mistari mingine mia mbili ya kukunja. Ukaniuliza. Ningeweza kufungua daftari palepale nikaandika, ni kazi ya dakika kumi. Badala yake nilikuandikia wewe kwamba lipo. Baada ya hapo nikawa naogopa hata kuufungua ule ukurasa, kwa sababu ulikuwa unaniita mwongo.

Na lipo jambo kubwa zaidi. Ebina aliniuliza. Ilikuwa Desemba, mkandarasi amepiga simu mara mbili asubuhi ile. Alikuja mezani kwangu akaniambia, "Polisi, hizi sekunde tisini za nini? Huyu mzee alikuwa anasubiri chai yake ichemke?"

Nikamwambia, "Angalia daftari."

"Nimeangalia. Daftari linasema itaandikwa. Itaandikwa na nani, na lini?"

"Basi mimi sijui. Anayejua yuko Sado."

"Nipe anwani nimwandikie. Barua tu, siku nne tano nitakuwa na jibu."

Nikamwambia, "Mwache mzee apumzike."

Sikuwa nakuhurumia wewe. Angekuandikia, ungejua kwamba nilikudanganya. Na nilikuwa najua sababu, Mwalimu. Ulikuwa umeniandikia kila kitu, mchanga, barafu na mikono yako, na barua yako ilikuwa kwenye droo yangu alipokuwa amesimama pale anauliza. Alasiri akaniletea badiliko lake nilikague. Mistari yote ilikuwa ndani ya nafasi themanini. Nikalipitisha.

Nimemwangushia mtu jumba bovu, nikakaa pembeni kuangalia anavyojifukua. Mkurugenzi bado sijamwambia. Nimekuandikia wewe kwanza.

Michiyo


Sado, 6 Februari

Tsukada,

Kwa nini unaniandikia mimi kwanza? Mimi sikufukuzwa kazi.

Sitakutukana. Nilianza barua ya matusi nikaichana, kwa sababu nilipofika katikati nilijikuta najitukana mwenyewe. Nimeandika juu ya mtu ambaye sijawahi kumwona uso, sikumuuliza neno, nikamfukuzisha kazi kwa ukurasa mmoja. Nilikuwa na hakika kwa sababu habari ilitoka kwako. Na dokezo lenyewe, ukweli ni kwamba nililiandika ili nisichimbe kisima upya. Kisima kile kilistahili kuchimbwa tangu 1996. Niliweka sekunde tisini na maneno mengi juu ya kazi niliyoikwepa, miaka yote nikajiona fundi.

Nimemtumia Yahagi barua ya pili ya kuifuta ile ya kwanza. Nimesema nilitolea ushahidi nisichokiona. Jina lako sikulitaja, hilo nimekuachia wewe, na usichukue wiki.

Meli imezuiwa tena. Ikiondoka nitakuwa ndani yake. Sitapita kwako, usinipikie.

Homma Seiji


Kamisawa, 8 Februari 2019

Kwa Mkurugenzi Yahagi,

Barua ya kukiri kosa.

Mimi, Tsukada Michiyo, mtunza kanuni za uandishi wa msimbo, nilifuta dokezo la onyo la pampu ya nne mnamo Novemba mwaka jana ili mstari utoshe herufi arobaini, kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe. Sikuyahamishia maelezo hayo kwenye daftari. Nilimwandikia Bwana Homma kwamba nimeyahamisha, na maneno hayo ya uongo ndiyo uliyoyasoma kwenye kikao cha asubuhi ya tarehe 30 Januari.

Bwana Ebina Ryohei aliniuliza sababu ya sekunde tisini kabla ya kuzibadili. Nilikuwa naijua. Nilimjibu kwamba siijui, na nikamzuia kumwandikia Bwana Homma. Kisha nikalipitisha badiliko lake.

Historia ya mabadiliko ya faili hilo inaonyesha siku, saa na jina langu, na yeyote anaweza kuifungua. Naomba hukumu aliyopewa Bwana Ebina iondolewe, aitwe arudi kazini, na barua hii isomwe mahali palepale ile nyingine iliposomwa, mimi nikiwa nimesimama mbele. Uamuzi wowote juu yangu nitaupokea.

Tsukada Michiyo (muhuri)


Kamisawa, 22 Februari

Tsukada-san,

Nimepata barua yako, na nakala ya ile uliyompa Mkurugenzi. Sitakuita Polisi tena, utani wenyewe umeniishia.

Yahagi alinipigia simu, akaja mpaka nyumbani. Ameomba radhi na anataka nirudi. Nimekataa. Nimepata kazi Sendai kuanzia tarehe moja Machi, mashine za tiketi tena. Mke wangu anasema kule kuna hospitali nzuri ya kujifungulia, na mimi sina hamu ya kusimama tena kwenye ile mistari miwili asubuhi.

Mzee Homma naye alikuja. Aliinama mlangoni theluji ikimwangukia mgongoni, hataki kuinuka, mpaka mke wangu akaingiwa na hofu akadhani mzee kazidiwa. Tulimvuta ndani. Alikula bakuli mbili za wali, akaniuliza maswali saa mbili nzima kuhusu mashine za tiketi, na majibu yote ikabidi nimwandikie kwenye karatasi. Nampenda. Ningemwandikia Desemba, tungeelewana.

Umeniuliza kwa nini nilinyamaza. Siku ya pili baada ya ajali nilifungua historia ya mabadiliko nikaliona dokezo la mzee, lote, na jina la aliyelifuta. Nikalichapa pamoja na ule ukurasa wa "itaandikwa". Siku ile ya kikao karatasi zote mbili zilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Lakini barua yangu ya kukiri kosa nilikuwa nimeshaandika, na kosa ni langu kweli; niligusa namba nisiyoijua. Nilichotaka ni wewe useme sehemu yako. Tangu siku nilipozichapa karatasi zile nilikuwa nakuja ofisini mapema, kwa sababu najua wewe hufika mapema, ili uwe na nafasi ya kusema tukiwa wawili tu. Kila siku nilikaa kwenye kiti changu nikingoja. Uliniuliza kama nataka chai. Siku ya nane nikaacha kuhesabu.

Unaniomba nikusamehe. Kwa sasa siwezi. Labda baadaye, sijui, usinisubiri.

Ila kuna kazi moja nakuachia, na hii sitaki uniambie utaifanya kesho. Kila Jumamosi tangu ajali nimekuwa nazoa theluji mlangoni kwa Bi Kasuga, na ile iliyo juu ya kibanda cha baiskeli. Yeye anajua mimi ndiye niliyemvunja mguu. Ananikaribisha ndani, ananikatia achari ya figili, ananiambia nisijiumize moyo, kosa ni kosa. Habari zako sikumwambia, maana si zangu kuzisema.

Kesho ni Jumamosi yangu ya mwisho. Ile ya tarehe mbili Machi uende wewe. Koleo la kuzolea liko nyuma ya mlango wa jikoni. Theluji imwage upande wa mfereji, usiimwage upande wa jirani, jirani ni mkorofi. Na jambo moja zaidi. Yule mama ni mwema kupita kiasi. Akikuona tu atakuvuta ndani, na ukishaingiza miguu chini ya blanketi la meza yake yenye hita hutasema, nakujua. Kwa hiyo mwambie wewe ni nani ukiwa bado nje, kabla hujagusa koleo.

Ebina Ryohei